Fomu Iliyorudishwa

Mlango wa kumi na nne ulikuwa na majina kumi na tisa. Yaliandikwa kwenye vipande vya karatasi, vingine kwa wino, vingine kwa penseli, vyote vimebandikwa kwa gundi kuzunguka tundu la barua hata mbao yenyewe haionekani. Mkaguzi aliyasoma moja moja, kidole kikifuata kama cha mtoto wa darasa la kwanza. Alipofika la kumi na moja alisimama.

"Huyu hapa kaka yako."

Fundi Cherehani alisogea. Alikuwa binti wa miaka ishirini na mitano hivi, amevaa koti la kuazima ambalo mikono yake ilikunjwa mara mbili. Alilitazama lile jina kwa muda.

"Jina ni lake, mama. Mwandiko si wake. Kaka herufi zake zinalala chali, hizi zimesimama."

Mkaguzi aliandika hilo kwenye daftari lake. Alikuwa mwajiriwa wa Ofisi ya Wakaazi, na kazi yake ilikuwa kusaka anwani hewa, yaani zile zenye watu kwenye karatasi lakini hazina mtu kitandani. Aliingia nchi hii miaka ishirini na sita iliyopita na begi moja. Kwa kuwa ni yeye peke yake ofisini aliyejua Kiswahili, kila jalada la mtu wa kwao lilitua mezani kwake. Hili lilitua juzi, baada ya binti kwenda dirishani kuandikisha makao kwa kaka yake na karani kuiona anwani na kuinua simu.

Sheria ilikuwa fupi. Mgeni ana siku kumi na nne za kuandikisha mahali anapolala. Zikipita, kibali kinafutwa na mwenyewe anapandishwa ndege. Bweni la wasafiri alikofikia Fundi Cherehani halikuandikisha mtu. Kaka yake, aliyemtumia barua ya mwaliko, hakutokea stesheni kumpokea, na tangu siku hiyo simu yake ilikuwa inaita mpaka inakata. Leo ilikuwa siku ya kumi na tatu.

Msimamizi wa jengo alikuja akiburuza kandambili juu ya soksi, rundo la funguo mkononi.

"Humu wanaishi wangapi?" Mkaguzi alimuuliza.

"Wengi."

"Wewe umewaona wangapi?"

"Mimi silindi watu. Nalinda mabomba."

"Haya, tuambie habari za mabomba. Mita ya maji ya mlango huu inasemaje?"

Msimamizi alijikuna shingo. "Imelala. Tangu mwaka juzi haijasogea."

"Watu kumi na tisa, hawaogi, hawachemshi hata chai?"

"Labda wanakunywa soda."

"Fungua."

Ndani kulikuwa na chumba kimoja, kitupu. Jiko lilikuwa bado na karatasi ya dukani kwenye mlango wake. Sakafuni vumbi lilitanda sawasawa, isipokuwa njia nyembamba ya nyayo kutoka mlangoni hadi kwenye kiti kimoja cha mbao. Juu ya kiti na chini yake kulikuwa na barua, zimefungwa mafungu mafungu kwa mipira. Mkaguzi alichutama, akapima zile nyayo kwa rula yake. Zote zilikuwa za kiatu kimoja, kilicholika kisigino cha ndani.

"Nani anachukua barua?"

"Bwana mmoja wa koti la kahawia, anapenda kupiga mluzi. Wenyewe wanamwita Dalali. Huja Jumatatu, ila Jumatatu mbili hizi sijamwona."

"Anakaa wapi?"

"Ningejua, ningemdai kandambili zangu nyingine alizoazima."

Fundi Cherehani alikuwa amepiga magoti kando ya kiti. Alichomoa bahasha kutoka kwenye fungu moja, akaigeuza. Ilikuwa ya rangi ya maziwa, imebandikwa stempu za nyumbani, haijafunguliwa.

"Hii niliituma mimi," alisema polepole. "Ina picha yangu na mama. Nilipomuuliza akaniambia ameipata. Akaniambia nimenenepa, picha imetoka vizuri."

Mkaguzi aliandika tarehe ya muhuri, akahesabu kichwani. Miezi saba.

*

Mzee wa Mafaili alikaa chini ya ardhi, kwenye stoo ya makaratasi ya Ofisi ya Wakaazi, na wenzake walisema akistaafu itabidi wamfute vumbi kwanza. Alimwona Mkaguzi akishuka ngazi, akavua miwani.

"Ukija huku ujue umekwama. Wasiokwama hawanikumbuki."

"Nimekwama, babu. Nataka fomu za mtu mmoja. Zote, siyo ile iliyokubaliwa tu."

"Iliyokubaliwa iko juu, kwenye mashine."

"Nataka zilizokataliwa."

"Ah!" Uso wa mzee ukachangamka. "Hizo ndizo zangu. Tunazitunza miaka miwili, kisha nazipeleka kuchomwa, na hakuna anayeziaga."

Alivuta maboksi matatu, akapekua kwa kidole alichokilowesha kwenye sifongo. Mkaguzi alimsimamia, na binti alisimama pembeni, mikono ndani ya mikono ya koti. Baada ya robo saa mzee alitoa karatasi moja iliyopigwa muhuri mwekundu: IMERUDISHWA. HAISOMEKI.

"Miezi kumi na minne iliyopita," alisema. "Wiki moja baadaye akaleta ile ya mlango wa kumi na nne, imepigwa chapa safi kabisa. Hii ya kwanza sijui aliandika nini. Karani naye hakujua. Nusu ya karatasi imejaa kama barua ya mapenzi."

Mkaguzi aliipokea. Herufi zilikuwa zimelala chali. Kwenye nafasi ya mtaa, nafasi ya namba na nafasi ya ghorofa, mwandishi alikuwa amepita moja kwa moja bila kujali mistari, kwa Kiswahili. Alisoma kwa sauti ili binti asikie.

"Ukishuka basi kituo cha hospitali ya macho, ipe mgongo saa kubwa. Tembea mpaka uanze kusikia harufu ya mikate. Hapohapo pinda mkono wa kulia. Utapita mti mkavu, utapita dirisha lenye taa ya kijani, kuna mzee ndani anakohoa. Ukiona moshi unatoka chini ya barabara umefika. Usigonge mbele, zunguka nyuma. Ukipotea uliza, wananifahamu."

Fundi Cherehani aliziba mdomo kwa kiganja. Mkaguzi alidhani analia, kumbe anacheka.

"Ndivyo tunavyoelekezana kwetu, mama. Nani anajua namba ya nyumba? Namba ipo kwenye posta. Nyumba unaelekezwa."

"Najua," alisema Mkaguzi. "Mimi yangu niliandika ng'ambo ya fundi viatu."

"Wakaikubali?"

"Wakanirudishia."

Mzee wa Mafaili, ambaye hakuelewa hata neno moja, aliwatazama wanawake wawili wakicheka juu ya boksi lake. "Kumbe inasomeka," alisema.

*

Walishuka kituo cha hospitali ya macho saa nane mchana. Saa kubwa ilikuwepo, juu ya mnara wa benki. Waliipa mgongo, wakatembea.

Ilikuwa barabara ndefu, pana, yenye watu wanaopita bila kutazamana. Walipita duka la magodoro, duka la simu, ofisi ya bima na ukuta mrefu wa matofali usio na dirisha. Walifika kwenye kituo cha zimamoto, barabara ikaishia hapo. Mikate hawakuinusa popote.

Walirudi nyuma. Mkaguzi alizihesabu kona za mkono wa kulia: tisa. Waliingia ya kwanza, wakatoka. Kona ya pili ilikuwa na miti ishirini, yote imeanza kuota majani, kwa kuwa ilikuwa mwisho wa baridi. Mti mkavu haukuwepo.

"Alisema tuulize," Fundi Cherehani alikumbusha.

Wakauliza. Binti alitoa picha ya kaka yake, na Mkaguzi akawa anauliza kwa lugha ya mahali pale. Mwenye duka la dawa alitikisa kichwa. Kinyozi aliitazama picha kwa hisani ya sekunde mbili, akarudi kwenye kichwa cha mteja. Mama mmoja aliyekuwa akisukuma kigari cha mtoto aliongeza mwendo kabla swali halijaisha. Mwuza magazeti alisema hapa wanapita wengi wa namna hiyo.

"Wa namna gani?" Mkaguzi alimuuliza.

"Wanaopita," alisema yule bwana, akapanga magazeti yake.

Kufikia saa kumi na moja walikuwa wamewauliza watu thelathini na mmoja. Binti alikaa kwenye benchi, akavua kiatu, akafikicha kidole.

"Kaandika wananifahamu," alisema. "Miezi kumi na minne, mama. Kwetu mtu akihamia leo, kesho jirani wanajua hata anakoroma vipi."

Mkaguzi alikaa kando yake, daftari gotini. Alipiga mstari katikati ya ukurasa, na upande mmoja akaorodhesha alama za njia kama zilivyoandikwa. Kisha alianza kuuliza, taratibu, bila kuinua kichwa.

"Kaka yako alikuambia anafanya kazi gani?"

"Msimamizi wa ofisi. Ofisi ya usafiri."

"Alikuwa akikupigia saa ngapi?"

"Asubuhi. Kila mara asubuhi, kabla sijafungua cherehani."

"Sauti yake?"

"Ya uchovu. Anapiga miayo hadi mimi huku naambukizwa. Nilikuwa namtania, bosi gani anaamka kachoka."

"Nyuma ya sauti yake ulisikia nini?"

Binti alifikiri. "Mvua. Kila siku mvua, inanguruma bila kukatika. Nikamuuliza nchi gani hiyo haikauki, akacheka."

"Hata mara ya mwisho?"

"Hata siku iliyotangulia safari yangu."

Mkaguzi aliandika. Kisha akaipigia mistari orodha yake, alama moja baada ya nyingine.

"Mikate hunukia inapookwa, na huokwa kabla maduka hayajafunguliwa. Taa ya kijani haionekani mchana. Mzee hukohoa anapoamka. Na moshi wa chini ya barabara huonekana hewa ikiwa baridi tu. Huyu hakutuelekeza njia ya mchana. Ametuelekeza njia anayopita yeye, na anaipita alfajiri, akitoka kazini. Kazi ya usiku."

"Na mvua?"

"Kama kungekuwa na mvua ya miezi kumi na minne, mimi na wewe tungekuwa tumekaa kwenye mtumbwi, siyo benchi. Hiyo ni mashine. Tena yuko palepale, kwa sababu wiki mbili zilizopita ilikuwa bado inanguruma." Alifunga daftari. "Kesho tukutane kituoni saa kumi na moja alfajiri. Vaa soksi mbili."

"Kesho ni siku ya kumi na nne."

"Ndiyo maana nasema saa kumi na moja."

*

Taa za barabarani zilikuwa bado zinawaka na mbingu imeanza kupauka waliposhuka basi la kwanza. Walikuwa abiria wawili tu. Waliipa saa mgongo, wakatembea, pumzi zao zikitangulia mbele.

Kwenye ule ukuta mrefu wa matofali, Fundi Cherehani alisimama ghafla. Harufu ilikuwa nzito, ya mikate inayotoka jikoni, na ilitoka kwenye matundu madogo juu ya ukuta, urefu wa watu wawili. Mchana walipita hapo mara nne. Ulikuwa mgongo wa kiwanda cha mikate, na mbele yake kulikuwa upande wa pili, mtaa mwingine kabisa.

Kona ya mkono wa kulia ilikuwa hatua kumi tu kutoka hapo. Ilikuwa nyembamba, mchana walidhani ni njia ya magari ya taka. Mti ulikuwa mmoja; ukavu wake ulikuwa wa baridi tu, sasa umeanza kutoa machipukizi. Dirisha la ghorofa ya kwanza lilikuwa na mwanga wa kijani, wa sanduku la kioo la samaki, na walipokuwa chini yake mtu alikohoa ndani, mara tatu, akatema.

"Shikamoo, babu," Fundi Cherehani alinong'ona, na Mkaguzi akambana mkono asicheke.

Moshi haukuwa moshi. Ulikuwa mvuke mweupe uliopanda kutoka kwenye wavu wa chuma barabarani, na chini yake kitu kizito kilikuwa kinanguruma bila kukatika. Binti aliinamisha kichwa, akasikiliza.

"Mvua yake," alisema.

Walizunguka nyuma. Kulikuwa na uwanja mdogo wa saruji, kamba tano za mashuka meupe, na mwanamke mwenye nywele nyeupe na mikono myekundu hadi kwenye viwiko. Alikuwa anapakia vikapu. Kibao kilisema hapo ni kwa dobi wa hospitali.

Mkaguzi alionyesha kitambulisho chake. "Mama, namtafuta mpangaji wako."

"Sina mpangaji. Hapa ni kazini."

"Unafua nini?"

"Mashuka. Foronya. Vya hospitali tu."

"Hospitali wanalala na ovaroli?"

Mama Dobi aligeuka. Kwenye kamba ya mwisho, nyuma ya mashuka, ovaroli moja ya bluu ilikuwa inaning'inia kwa mabega, na mgongoni ilikuwa na nembo ya gereji ya mabasi.

"Ya mume wangu."

"Mume wako ana urefu gani?"

Mama Dobi aliweka kikapu chini, akaketi juu yake.

"Mume wangu alikufa mwaka wa tisa sasa," alisema. "Kijana ni mtu mzuri. Anaosha mabasi usiku kucha, mchana analala, Jumapili ananibebea vikapu. Alitaka nimtilie sahihi karatasi yenu. Ningeitiaje? Anapolala ni stoo ya sabuni. Haina dirisha. Sheria yenu inasema chumba lazima kiwe na dirisha, ningetozwa faini mpaka ning'oke meno. Nikamwambia ajitafutie anwani kwingine, kulala alale."

"Hajaonekana kupokea simu wiki mbili."

"Simu inaita humo ndani. Anaiacha juu ya kopo la sabuni, anaitazama inaita. Nikamuuliza kulikoni, akasema amekosea namba anayepiga."

Mkaguzi alimtafsiria Fundi Cherehani yote, hata hilo la mwisho. Alifikiri kuliruka, akalisema.

Aliomba kuiona stoo. Ilikuwa upana wa godoro na urefu wa godoro na hatua moja. Makopo ya sabuni yalipangwa hadi darini. Kulikuwa na sahani moja, kijiko kimoja, kikombe kimoja kilichofunikwa na kisahani. Ukutani, juu ya mto, alikuwa amechora kwa chaki dirisha lenye mapazia, na pazia moja limefungwa fundo. Fundi Cherehani aligusa lile fundo kwa kidole, akakifuta kidole kwenye koti.

"Basi la pili linafika saa ngapi?" Mkaguzi aliuliza.

"Dakika kumi," alisema Mama Dobi. "Mtampeleka polisi?"

"Inategemea kama atakuja kwa miguu yake."

Alikuja akitazama chini, mrefu, amebeba mkate wa moto ndani ya gazeti. Alipita kamba ya kwanza ya mashuka, ya pili, kisha akainua macho. Alimwona Mkaguzi kwanza, na kwa mazoea ya kwao akasema, "Shikamoo, mama." Ndipo akamwona mdogo wake. Mkate ukabaki mkononi kama kitu cha mtu mwingine.

"Marahaba," alisema Mkaguzi. Ulikuwa muda mrefu hajaitamka kwa mwanamume wa nyumbani. "Mimi natoka Ofisi ya Wakaazi. Nina maswali matatu, nijibu kwa ufupi. Dalali ulimpata wapi?"

"Mlangoni kwenu. Nje ya ofisi yenu, siku niliyorudishiwa fomu. Alinikuta nimekaa kwenye ngazi."

"Ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Mwezi uliopita. Alisema anahamishia kazi kituo cha meli, huko wageni ni wengi zaidi."

Mkaguzi aliandika hayo, akapiga mstari chini yake mara mbili. "Utamtambua?"

"Koti la kahawia. Mguu wa kulia anaukanyagia ndani."

"La tatu silo langu. Nalifanya langu kwa kuwa lazima liandikwe. Kwa nini hukwenda kumpokea?"

Kaka alimtazama mdogo wake kwa mara ya kwanza sawasawa.

"Nilikwenda."

"Usinidanganye tena, kaka," alisema Fundi Cherehani. "Nilisimama kwa saa tatu nzima."

"Saa tatu na nusu. Una begi la kijani, limefungwa kamba. Ulikula ndizi, ganda ukaliweka mfukoni kwa sababu hukuona pipa. Nilikuwa nyuma ya nguzo. Nikawa najiambia sasa naenda, sasa naenda. Halafu naona nitakupeleka wapi? Nimewaambia nina vyumba viwili. Nimemwambia mama nina dirisha linaloangalia bustani."

Mashine chini ilinguruma. Mama Dobi, asiyejua Kiswahili, aliangalia pembeni na kuanza kukunja shuka lililokwisha kukunjwa.

Fundi Cherehani alimwendea kaka yake. Wote walidhani atampiga. Aliuchukua mkate, akaumega, akala kipande, akitafuna huku machozi yanamtiririka bila kuyafuta.

"Ulikaa nyuma ya nguzo saa tatu na nusu," alisema, mdomo umejaa. "Mjinga wewe. Si ungekuja tu tukae wote."

*

Mkaguzi aliwaeleza hali wakiwa ndani ya basi, sauti ya chini. Barua ya kumwita kaka kwa kosa la anwani hewa ilikuwa bado mezani kwake, haijatumwa. Akifika mwenyewe kabla haijatumwa na kutoa ushahidi, ni onyo. Akiletwa, ni kufukuzwa. Stoo ya sabuni haiwezi kuandikishwa, wala mlango wa kumi na nne.

"Kwa hiyo mimi naondoka," alisema Fundi Cherehani. "Leo saa kumi, ofisi ikifunga."

"Chini kabisa ya fomu, nyuma, kuna kisanduku," alisema Mkaguzi. "Kinasema: Sina makao. Ukikitia alama, ofisi inakupa anwani yake yenyewe kwa miezi sita na inakuweka kwenye orodha ya vyumba vya mji. Ni sheria. Miaka kumi na minane niko pale, mtu wa kwetu hata mmoja hajawahi kukitia alama. Wanasema chochote kingine. Wananunua, wanaazima, wanabuni mtaa."

"Wewe ulikitia?" Kaka aliuliza.

"Mimi nililala kwenye ghala la viatu mwaka mzima, nikaandika ghorofa ya tatu." Alibonyeza kengele ya basi. "Tunashuka."

Foleni ilikuwa ndefu, inapinda hadi mlangoni, kwa kuwa ilikuwa siku ya mwisho ya kazi katika juma. Walisimama ndani yake kama wengine, maana Mkaguzi hakuruhusiwa kumpitisha mtu mbele. Alikwenda kukaa kwenye kiti cha mashahidi, ng'ambo ya dirisha, jalada mapajani. Foleni ilisogea nusu hatua, nusu hatua. Saa ya ukutani ilipita nane, ikapita tisa. Kaka alikuwa na fomu mbili mkononi, zimejazwa kila mahali isipokuwa hapo chini, na zilikuwa zimeanza kulowa kwa jasho la vidole vyake.

Zilipobaki dakika kumi na mbili walifika. Karani alikuwa binti mwenye mafua, amechoka. Alipokea fomu ya kwanza, ya kaka, akaipitia kwa kalamu, akaisukuma nyuma chini ya kioo.

"Makao?" aliuliza kwa sauti ya kusikika, kama alivyowauliza wote.

Kaka alifungua mdomo. Alitazama nyuma. Watu arobaini walikuwa nyuma yake, na wawili au watatu kati yao walikuwa wanaongea lugha ya nyumbani, wanachekeana kitu. Alifunga mdomo.

"Makao?" Karani alirudia, akivuta kamasi.

Mdogo wake hakujua lugha ya pale, lakini neno hilo alikuwa amelisikia siku kumi na nne. Alinyoosha mkono akachukua kalamu iliyofungwa kwa mnyororo dirishani. Akaitoa fomu yake mwenyewe mkononi mwa kaka, akaigeuza, akatafuta kile kisanduku chini kabisa, akachora alama kubwa iliyotoka nje ya mistari. Kisha akamwekea kaka yake kalamu kiganjani, akakifunga kiganja.

Kaka alitia alama. Halafu, kwa kuwa karani alikuwa bado anasubiri jibu, alisema kwa lugha ya mahali pale, kwa nguvu kupita alivyokusudia:

"Hatuna."

Karani aligonga muhuri mara mbili, akavuta karatasi mbili kutoka kwenye mashine, akazisukuma chini ya kioo. "Anayefuata."

Kaka alibaki amesimama, mabega juu, akingoja. Kisha akageuka taratibu kuikabili foleni. Wa kwanza alikuwa anasoma simu. Wa pili alikuwa anambembeleza mtoto. Wale waliokuwa wakiongea lugha ya nyumbani walikuwa wamefika kwenye kisa kingine, wanacheka zaidi. Hakuna aliyekuwa anamtazama.